Mtamba wa Gemu

Kornelia Sulle alisoma tangazo kwenye runinga, akazima mashine, akawasha tena, akidhani labda litakuwa limepata haya na kuondoka. Wapi! Lilikuwa palepale: gemu ya Mbio za Matrekta itaondolewa tarehe thelathini. Ilikuwa tarehe kumi na nane. Hata mwizi, alisema moyoni, angalau hakutangazii siku.

Kibanda chake cha gemu kiko Haydom, nyuma ya stendi. Wateja wake ni bodaboda waliokosa abiria, na ndugu wa wagonjwa wanaosubiri saa ya kuingia wodini na hawana pa kuuweka moyo. Vijana wa Yaeda Chini waliomfikisha mama yao hospitali kwa taabu hukaa pale kwenye benchi na kuendesha trekta lisilokwama kwenye tope, na kwa nusu saa unawaona wanacheka. Wote wanakuja kwa hiyo gemu moja. Ikiondoka, wanaondoka nayo, na kaka yake Herman, mwenye chumba, alishasema kibanda kikipoa tu yeye anajaza mifuko ya saruji. Halafu Kornelia arudi nyumbani kupalilia mahindi ya wifi yake? Thubutu.

Mwaka mmoja nyuma alikuwa na diski sita, zimekwaruzika mpaka unazifuta kwa khanga na kuziombea. Ndipo akaja Maximilian, mtoto wa Mzee Bura wa Gehandu, siku hizi wakala wa kampuni moja ya gemu ya Arusha, viatu vimechongoka mbele, maneno yanateleza kama mlenda. Akamweleza kwamba mambo ya diski yamepitwa na wakati. Ajiunge, abadilishiwe mashine apewe ya kampuni isiyotumia diski, alipie kila mwezi, apate gemu mia tatu. Zile diski aikabidhi kampuni, ndicho kiingilio.

Kornelia hakuwa mjinga. Aliuliza swali ambalo mtu yeyote wa kwao angeuliza. Kwao, mwenye ng'ombe wengi humpa asiye na kitu ng'ombe wa kulea. Unamchunga, unamkamua, maziwa yako na mbolea yako, lakini ng'ombe na ndama wake ni wa mwenyewe, na akimtaka anamchukua. Ila ukimlea vizuri, mwenyewe hukukatia mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa, awe wako kabisa, uanze na wewe. Asiyefanya hivyo hasalimiwi vizuri mnadani.

"Na mtamba je?" aliuliza. "Nikilipa mwaka mzima bila kuruka mwezi, gemu moja inabaki yangu?"

Maximilian alicheka. "Usijali, dada. Mtamba atakuja."

Alisema hivyo mbele ya Renatus, dereva wa bodaboda, aliyekuwa anasubiri zamu yake. Kornelia akatoa diski zote sita. Hapo ndipo alipokosea, kama kuamini neno la mtoto wa Mzee Bura ni kosa.

Na tuseme kweli, maziwa yalikuwepo. Mwaka ule watu wa Haydom walicheza gemu ambazo wasingeziona maishani: za ndege, za mpira, za kujenga miji. Kornelia mwenyewe alikuwa anafunga mlango mapema ili acheze peke yake. Hakuruka mwezi hata mmoja, hata ule ambao mvua ilikata barabara na wateja wakaadimika.

Sasa alipompigia Maximilian, aliambiwa kwamba waliotengeneza ile gemu wameitaka irudi, mkataba wao na kampuni umekwisha, kampuni yenyewe inahema, lakini mbona zimebaki nyingine tele. Na mtamba? Maximilian akasema ule ulikuwa utani, akamwongezea miezi miwili ya bure. Kornelia alikata simu. Hasira ilimpanda. Miezi miwili ya bure ya kukamua ng'ombe anayeondoka!

Kesho yake alipanda basi la kwenda Katesh, akashukia njiani, akatembea hadi kwa Mzee Bura, Gehandu. Akamwamkia, akaeleza yote. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, kisha akasema kesi ya ng'ombe haiamuliwi bila kumwona ng'ombe. Jumamosi akafika Haydom mwenyewe na fimbo yake, na Maximilian nyuma yake kichwa chini. Watu walijazana kibandani mpaka mlangoni.

Mzee aliomba aonyeshwe. Renatus akashika pedi ya gemu, trekta likaruka kilima.

"Hili linalima?"

"Linakimbia tu, baba," alisema Kornelia.

Mzee aliguna. Akamgeukia mwanawe, akamuuliza kama alisema mtamba atakuja. Maximilian akajibu alisema, ila alitania.

"Mtu anatania mtamba?"

Maximilian alijitetea, na maskini, alijitetea vizuri. Alisema hakuna aliyelazimishwa. Alisema yeye hana gemu hata moja, na kampuni nayo imeazima tu kwa wenyewe. Yeye ni wa kulipwa mwezi kwa mwezi, na siku akiachishwa, hata hiyo runinga ya kwake nyumbani haitafungua kitu. Kornelia alimhurumia, lakini hakurudi nyuma.

"Mimi sikatai ng'ombe kurudi kwa mwenyewe," alisema. "Nilikunywa maziwa, nashukuru. Lakini nililea. Na nyie mkachukua hata mbuzi wangu sita niliokuwa nao, zile diski. Nataka kimoja kibaki."

Mzee Bura akamwambia mwanawe kwamba anayechunga ng'ombe wa watu haahidi mtamba, na akiahidi, atamtoa zizini kwake. Zizini Gehandu alikuwepo mtamba mwekundu, aliyewekwa kwa ajili ya mahari ya Maximilian. Mzee akamtaja huyo huyo. Kornelia alijua maana ya mahari ile. Alipokea, akashukuru, na hakukataa.

Mtamba aliuzwa mnadani. Kornelia akaagiza kutoka Arusha mashine iliyotumika, pamoja na diski ya Mbio za Matrekta, gemu moja tu, akarudisha ya kampuni. Wiki za kwanza wengine walinuna, wakaulizia zile za ndege. Aliwaambia ndege zimeruka. Waliobaki walitosha, na saruji ya Herman ikaendelea kukaa uani.

Mwezi uliofuata simu yake ililia. Ujumbe wa kampuni: Tumekukumbuka, Kornelia. Rudi leo, mwezi wa kwanza bure.

Aliusoma kwa sauti, kibanda kikacheka. Akaanza kuandika. Renatus akamwambia asijisumbue, namba zile hazipokei majibu, hakuna mtu upande wa pili.

Kornelia aliandika hivyo hivyo: Ng'ombe wenu nimewarudishia. Kwangu msitume mwingine.

Ujumbe ukagoma kwenda. Akautuma tena.