Kifungua Kinywa cha Diwani

"Ana njaa tangu jana, maskini," Bibi alimwambia daktari wa wanyama huku akifungua kapu. "Nimefuata ulivyosema. Hata tone la maziwa hajaonja."

Paka dume akachomoza kichwa, sikio moja limechanika. Walimwita Diwani kwa kuwa kila nyumba ya mtaa aliiona yake, na kila ugomvi ulimhusu. Ule wa mwisho nusura umtoe jicho, ndipo Bibi akakata shauri ahasiwe.

Daktari alimchoma sindano ya usingizi taratibu, akimsemesha kama mtoto. Bibi aliipenda mikono ile. Akatoka kwenda kukaa na mumewe kwenye benchi.

Babu alikuwa ameinama, kofia mikononi.

"Hivi ile habari ya kutokula ni ya nini hasa?"

"Akiwa ameshiba atatapika usingizini, chakula kimpalie afe. Si nilikwambia?"

"Uliniambia asile. Hukuniambia atakufa."

Bibi akamgeukia.

"Mzee, umefanya nini?"

"Samaki. Kipande tu. Mwanamume mwenzangu anakwenda kufanyiwa jambo kama lile, aende na tumbo tupu?"

Bibi hakujua alifikaje mlangoni. "Daktari, amekula!"

Ndani, Diwani alikuwa ameshaanza kukoroma vibaya, ulimi umekuwa rangi ya majivu. Daktari hakuuliza nani kampa. Alimlaza kichwa kikining'inia ukingoni mwa meza, msaidizi wake akapitisha mpira wa kufyonza matapishi kooni. Bibi aliganda, kiganja mdomoni, macho kwenye kile kifua chenye manyoya.

Hakikupanda.

Hakikupanda.

Kisha kikasikika kikohozi, chembamba kama cha mtoto mchanga.

Msaidizi, glavu zimemchafuka, alimsogezea Bibi kigoda kwa mguu. "Kaa, bibi. Anapumua."

"Leo hatumhasi," daktari alisema, jasho likimtiririka. "Apumzike kwanza. Mrudisheni wiki ijayo."

Babu alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka, koti ameshalivua amfunike mwanamume mwenzake. Bibi akalipokea koti.

"Wiki ijayo," alisema, "Diwani nitamfungia chumbani, na ufunguo nitalala nao."

"Na samaki?"

"Samaki utakula wewe. Mbele yangu, mpaka mwiba wa mwisho."