Si Uzee Peke Yake

Mstari mwekundu wa grafu ulipanda ukutani ukakaribia dari, na mkurugenzi wa takwimu akautazama kama mpangaji anavyotazama paa linalovuja.

"Miaka ishirini ijayo, vifo vya saratani vitakaribia kuwa maradufu," mtakwimu alieleza.

"Kisa?"

"Visababishi vitatu. Watu wanaongezeka. Watu wanaishi hadi uzeeni, na saratani hupenda miaka mingi. Cha tatu si wingi wala umri: hata wa rika lilelile wanakufa zaidi kuliko zamani. Wanagunduliwa wamechelewa, na mashine ya mionzi ni moja nchi nzima."

Mkurugenzi akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Mtangulizi wake alipoteza kiti kwa sentensi moja, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Bibie, kesho anakuja waziri. Kuongezeka na kuzeeka ni kazi ya Mungu, hakuna wa kushtakiwa. Hicho cha tatu kiondoe."

Mtakwimu alikusanya vitu vyake. Jioni alipitia hospitalini kumwona mdogo wake, msusi ambaye hata mvi ya kwanza hajaiota. Uvimbe wa shingo ya kizazi ulionekana ukiwa umekwisha kutia mizizi, na zamu yake ya mionzi ilikuwa bado mbali.

"Dada, mbona uso umeukunja hivyo? Mgonjwa nani, mimi au wewe?"

"Wanataka niseme watu wanakufa kwa uzee."

Mdogo mtu akacheka, kiganja kikituliza tumbo linalouma. "Basi huyo bosi wako akija hapa, aniamkie shikamoo."

Walicheka wote wawili, ila dada aliacha kwanza. Siku zote alishikilia kwamba yake ni kuhesabu, kuamua wataamua wengine. Alipokuwa akishuka ngazi za wodi alijiona alivyojificha nyuma ya namba, kama mtoto aliyejibanza nyuma ya pazia huku miguu yote iko nje.

Asubuhi, mbele ya waziri, mtakwimu alionyesha visababishi vyote vitatu, kila kimoja na rangi yake.

"Uzee ni neema, tunaupokea," alisema. "Lakini watu walio katika rangi hii ya tatu hawakuzeeka. Hatukuwapa nafasi ya kuzeeka."

Mkurugenzi alikohoa. "Mheshimiwa, sehemu hiyo bado inahakikiwa."

"Imehakikiwa. Nimeihakiki kuliko hizo nyingine zote, maana nilitamani iwe kosa."

Mkurugenzi alimkazia macho, akimwashiria kiti kwa kidole. Mtakwimu alikiona kidole, akakiacha kichoke chenyewe.

Waziri aliinamia meza, akiutazama mstari mwekundu. "Kwa hiyo ni lazima tufike huko juu?"

"Makadirio si majaliwa, Mheshimiwa. Huo ni mwendo wetu tukiendelea hivi hivi."

"Na tukiacha kuendelea hivi, mstari utaanza kuinama lini?"

"Inategemea," alisema, "tunaanza lini."

Kiti kilikuwa bado wazi pembeni yake, naye akabaki amesimama.