Nyenje wa Mwinyi Fumbata

Katika nchi ya Sitiria, iliyolala kati ya vilima vilivyoinamiana kama wambeya wawili, kila mtu aliyekwisha kung'oka jino la kwanza alivishwa kijaluba kiunoni, kijisanduku cha shaba kisichozidi kiganja, na humo akatia yale ambayo moyo hauna nafasi ya kuyabeba: unywele wa marehemu mama, barua ya mchumba aliyemkimbia, hirizi, dawa, aibu. Mwizi wa Sitiria aliweza kukuibia ng'ombe na zizi lake, lakini akikikuta kijaluba chako njiani angekirudisha bila hata kukitikisa. Juu ya kilima kirefu kuliko vyote ilikaa ngome ya Mwinyi Fumbata, mtawala mwenye mashavu yaliyovimba kwa shibe ya kurithi, na pembeni yake Waziri Dodosa, mtu mwembamba wa shingo ndefu ambaye, walisema watu, alizaliwa akichungulia.

Ukaja msimu wa watoto kuibwa. Wezi waliwapulizia unga wa lepe, unga wa mzizi unaomlaza mtoto fofofo, wakawabeba kama mafurushi. Nchi ililia, na kilio chake kilikuwa cha haki. Ndipo Dodosa akapanda jukwaani na tiba yake: nyenje, wadudu wa kulia usiku, waliofugwa na shemeji yake Mwinyi, waliofundishwa kulinusa lepe na kulia papo hapo. Kila kijaluba kitiwe nyenje mmoja.

"Hafungui kitu, hasomi kitu," alisema Dodosa. "Ananusa tu. Au kuna mtu hapa anayewatetea wezi wa watoto?"

Watu wakatazama vidole vya miguu yao, kila mmoja akitumaini kwamba mwenzake ana la kusema. Vijaluba vikatiwa nyenje. Haukupita muda nyenje wakafundishwa pia harufu ya chumvi isiyolipiwa ushuru, kisha harufu ya wino wa kejeli. Wezi wenyewe walivitupa vijaluba vyao mtoni, wakaendelea na kazi kwa mifuko ya kawaida. Vijaluba vya ngomeni tu havikuguswa. Vilizibwa kwa nta, kwa kuwa siri za wakubwa ni siri za nchi.

Kidawa, msuka mikeka wa mtaa wa chini, hakuwa na ugomvi na nyenje wake; alimpa hata makombo. Bintiye, Mize, alisumbuliwa na degedege la kumkunja kama jani kavu, na mganga alikuwa amempa mama mtu chembe ya mzizi ule ule, ya kumtuliza mtoto. Asubuhi moja sokoni, dawa hiyo ikiwa ndiyo kwanza imetiwa kijalubani, akichagua mihogo, kiuno chake kikaanza kulia. Muuza mihogo, aliyekuwa akimwita dada, akarudi nyuma. Kabla Kidawa hajapata la kueleza, Mize alikwisha kunyakuliwa na kupelekwa Nyumba ya Hifadhi, kule ngomeni, akakingwe dhidi ya mama yake.

Mganga aliapa kwamba dawa ni yake. Askari waliomhoji Kidawa waliridhika. Mmoja hata alimwomba radhi. Lakini uamuzi haukuwa wao. Dodosa alimpokea akitabasamu.

"Najua ni dawa, mama."

"Basi nipe mwanangu."

"Nyenje ameshalia. Tukisema huyu wako kakosea, watasemaje wale tuliokwisha kuwafunga?"

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Ujutie."

"Nijutie nini, Mheshimiwa?"

"Hilo," alisema Dodosa kwa upole, "ungelijua wewe kuliko sisi. Kijaluba si chako?"

Kidawa alirudi nyumbani, akakaa karibu na kitanda kitupu, na lililomuuma zaidi ni kwamba alijikuta kweli akiutafuta huo uovu ndani yake, akiupekua moyo wake kama askari. Alipoukosa, alisimama, na hasira ikasimama pamoja naye.

Siku ya baraza kuu, jua likiwa la utosi, alipelekwa mbele ya umma ajutie. Kijaluba chake kilikuwa juu ya kigoda, ushahidi wa ufanisi wa serikali. Kidawa akapiga magoti, akanyoosha mkono, akaufungua mfuniko.

"Kama hakosei, mwacheni aseme mwenyewe."

Nyenje akaruka. Akatua juu ya kijaluba cha dhahabu kilichopumzika kwenye kitambi cha Mwinyi Fumbata, ambacho nta yake, kwa joto lile, ilikuwa ikitiririka mapajani, na hapo akalia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa sokoni. Nyenje wa umma, mmoja baada ya mwingine, wakamwitikia.

Mwinyi alikikumbatia kijaluba. "Ni dawa! Mimi silali!"

"Fungua tuone!" watu wakapaza sauti.

"Sifungui! Humu mna mambo yangu ya faragha!"

Wazee wakatazamana, wakaulizana kama neno hilo bado linaruhusiwa.

Dodosa alimwinamia Kidawa, jasho likimdondoka puani. "Waambie ni dawa. Mwanao utamchukua sasa hivi."

"Mlete kwanza."

Mize akaletwa, amekonda, akamrukia mama yake shingoni. Kidawa alivuta pumzi. Aliijua harufu ile, na alijua pia kwamba inayotuliza mtoto na inayoiba mtoto hunuka sawasawa.

"Ni dawa?" watu wakamuuliza.

"Huenda," alisema. "Na mimi nilisema hivyo hivyo."

"Huenda?" Dodosa alifoka, lakini watu walikwisha kuanza kupanda ngazi za jukwaa.

Kidawa alimfunga Mize mgongoni kwa kanga, akashuka kilima. Nyuma yake sauti za nyenje zilipanda hata zikameza za wanaoamuru na za wanaoomba, kisha kukasikika kishindo, cha mfuniko kuvunjwa au cha lango kufungwa.

"Mama, wanaimba nini?" Mize aliuliza.

Kidawa alikaza fundo la kanga, akaongeza mwendo.