Vifaranga Wasiolia

Mimi si mtu wa kumfuata mume barabarani. Naomba hilo lijulikane mapema, kwa sababu Jael wa mlango wa pili ameshaambia nusu ya mtaa wetu wa Olympic kwamba mimi ni askari wa ndoa yangu. Lakini mume akikwambia anafuga vifaranga ndani ya stoo ya mabati, na majuma yapite bila kusikia mlio hata mmoja, wewe ungefanyaje?

Nimelelewa Ndhiwa na mama aliyefuga kuku. Kifaranga hulia akiwa na njaa, hulia akishiba, hulia hata mwenzake akimkanyaga. Tena hutaka joto: globu ile ya kizamani inayochoma kidole, au jiko la makaa. Lazarus, mume wangu, alileta nini? Taa ya LED ya rangi ya zambarau, ambayo ukiishika ni baridi kama kijiko. Ikiwashwa jioni, mwanga ulipenya matundu ya misumari kwenye mabati ukatapakaa kwenye ukuta wa Jael kama surua.

"Mama Brandon," Jael akaniuliza bombani, watu wakisikia, "bwanako amefungua club?"

"Ni taa ya vifaranga."

"Na mbona hawaongei? Ama ni bubu?"

Nikacheka na wenzangu, nikabeba maji yangu nikaenda. Stoo ilikuwa na kufuli mpya. Kufuli mpya huuzwa na funguo tatu: moja Lazarus aliivaa shingoni, mbili akazificha ndani ya kopo la majani chai, jambo linalokuonyesha ni nani hapiki chai katika nyumba ile. Niliziona nikaziacha hapo hapo. Stoo haikuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni Kawangware.

Kila mara safari ilikuwa Kawangware. Chakula cha vifaranga, Kawangware. Waya wa taa, Kawangware. Kana kwamba Kibera hakuna hardware! Na alikuwa akichana nywele kabla ya kutoka. Mwanamume ambaye kazi za mjengo zimekauka, anachana nywele akamwone nani? Nilishamchora huyo mwanamke kichwani: mweupe, mnene kiasi, hana kazi.

Basi siku moja nikamwacha atangulie, nikajifunga leso kichwani, nikachukua boda mpaka 56, kile kituo cha Kawangware. Nikamwona akisimama kwenye kibanda cha vifaa vya stima. Na ndani, kweli, alikuwa mwanamke. Nikajibanza nyuma ya suruali za mtumba zilizoning'inizwa kando.

"Wagaki, ile kitu uliniuzia ni bure kabisa," Lazarus akasema.

"Si nilikwambia? Ukaona ya zambarau ni rahisi ukakimbia nayo," mwanamke akajibu. Sauti yake haikuwa ya mpenzi. Ilikuwa ya mfanyabiashara aliyechoka. "Imefanya nini?"

"Miche imekuwa mirefu kama uzi, inalala."

"Inatafuta mwangaza. Hizo watt zimeandikwa kwa boksi si zenye taa inakula, ni kelele tu. Chukua hii nyeupe. Iko na rangi zote kama jua, na haiwezi angusha stima ya plot. Usiiweke karibu sana, itachoma majani."

Majani. Nikajirudia neno hilo katikati ya suruali za watu. Ni kifaranga gani ana majani?

"Kwani unapanda nini, buda?" Wagaki akauliza.

Lazarus akaangalia kushoto na kulia kabla ya kujibu. "Nyanya."

"Nyanya," Wagaki akasema, akacheka kidogo. "Sawa. Nyanya."

Nyumbani vifaranga, Kawangware nyanya. Hapo nikajua ni mmea gani unaofichwa hivyo. Afadhali ningemkuta na mwanamke, naapa. Mwanamke ningempigia kelele tukamalizana.

Kaka yangu Omolo alishikwa na bangi isiyojaa kiganja. Mama yangu alitoka Ndhiwa kwenda kumwona jela mpaka miguu ikavimba, na alipokufa Omolo alikuwa bado ndani. Siku ya mazishi ni Lazarus aliyebeba jeneza upande ambao ungekuwa wa Omolo. Aliona yote. Nikamwambia siku ile ile, mbele ya kaburi, kwamba mimi sitasimama tena mlango wa jela kwa ajili ya mtu yeyote. Akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi iliyofuata alipata kibarua cha mjengo. Alipotoka tu, nikafungua kopo la majani chai, nikachukua ufunguo. Stoo ilikuwa safi kuliko nyumba yangu. Taa nyeupe iling'aa juu ya ndoo zilizokatwa, na ndani ya kila ndoo kimche kidogo chenye majani kama vidole. Niliyajua majani hayo. Nikakaa kizingitini nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Halafu nikapangusa uso, nikarudi 56, nikanunua vifaranga.

Sikuwataka walioanguliwa juzi. Nilichagua waliokwisha kuota manyoya mabawani, wale wanaodonoa hata kivuli. Nikanunua na globu ya njano. Nikarudi, nikateremsha ile taa, nikaisukuma chini ya kitanda, nikafunga globu, nikamwaga ndoo zote sakafuni, nikawafungulia vifaranga kasha. Mimi sikung'oa hata jani moja. Kufikia saa za chai hapakuwa na jani la kung'oa.

Lazarus aliwasikia tangu getini. Nilimwona akisimama na sururu begani, uso umesawijika. Akaja mpaka mlango wa stoo, uliokuwa wazi, akaangalia ndani, akaniangalia mimi.

"Ulisema ni vifaranga," nikamwambia. "Ndio hao."

Akageuka kutazama geti. Kagiri, keyateka anayetunza plot yetu, alikuwa anakuja na wanaume wawili wenye jaketi, na hatukuhitaji kuambiwa kwamba ni polisi.

"Kuna maneno hapa," Kagiri akasema bila kututazama. "Watu wanaongea juu ya taa."

Mmoja akaingia. Akainama, akachota udongo, akaunusa, akakuta ni kinyesi cha kuku, akapangusa mkono ukutani. "Ile taa ya rangi iko wapi?"

"Haikuwa na joto," nikasema. "Vifaranga wangekufa. Nikabadilisha."

Hilo lilikuwa karibu kweli tupu, na labda ndiyo sababu sauti yangu haikutetemeka. Wakazungukazunguka, kifaranga mmoja akadonoa kamba ya kiatu cha yule mkubwa, wakaenda zao.

Lazarus akaketi juu ya ndoo tupu. Nikangoja anishukuru. Hata pole ningeipokea.

"Adhis," akasema polepole, "ni wewe uliwaita?"

Nikamtazama vizuri, na macho yale niliyatambua: ndiyo niliyokuwa nikimwangalia nayo tangu siku ya taa ya zambarau.

"Kama ni mimi niliwaita," nikasema, "ningehangaika na vifaranga ya nini?"

Sijui kama aliniamini. Vifaranga walikuwa wamejikusanya kona moja wakilia, maana globu nilikuwa nimeifunga juu mno. Lazarus akainuka, akaushusha waya kidogo, akaushikilia pale.

"Hapa inatosha?" akaniuliza.

"Shusha tena," nikasema. "Bado wanasikia baridi."