Jicho Juu ya Kitanda cha Idris

Savsan alipojifungua, mama mkwe wake alifunga lango. Arobaini ni arobaini. Jirani aliyeleta supu alipokewa nje, akashukuriwa, akarudishiwa bakuli lake. Chini ya mto wa kichanga, Idris, palikaa kisu na kipande cha mkate, na kila jioni moshi wa hazorispand, majani ya kufukuza kijicho, ulipitishwa pembe zote nne za chumba. Jicho la mgeni lisimguse mzazi wala mtoto. Walioruhusiwa kuingia walikuwa wawili tu: mama mkwe na binti yake, Robiya.

Na kamera. Bahrom, baba mtoto, alikuwa Urusi kwenye ujenzi, naye aliituma ili amwone mwanawe, hata amwimbie kupitia humo. Mama alikubali kwa shingo upande. "Haya, jicho la baba si la mgeni."

Robiya ndiye aliyeipachika ukutani na kuiunganisha. Picha zilipanda kwanza kwenye mashine za kampuni ya kamera, mbali huko, ndipo zikashuka kwenye simu ya Bahrom. Simu ilimwambia Robiya abadilishe namba ya siri iliyotoka nayo kiwandani. Ilikuwa moja hadi nane, rahisi kukumbuka. Akaiacha. Bahrom alipomwona mwanawe akalia, mama akampiga Robiya begani. "Injinia wangu wewe!" Na Robiya, aliyeacha shule akiwa mdogo, alitembea siku nzima kama aliyevishwa taji.

Siku ya kumi na tisa, adhuhuri, Savsan alipiga ukelele. Walimkuta amemkumbatia mtoto, kifua wazi.

"Kuna mwanamume kasema humu ndani! Kacheka, halafu akaniambia kwa Kirusi nimsogeze mtoto, anamziba!"

"Si Bahrom huyo?" mama aliuliza.

"Mama, sauti ya mume wangu nisiijue?"

Robiya alitoka uani, akafungua simu. Pembeni mwa picha palikuwa na kitarakimu alichokuwa akikiona kila siku bila kukijali. Wanaotazama: wanne. Alijihesabu mwenyewe, mmoja. Akampigia Bahrom, simu imezimwa, yuko kazini. Alibadilisha namba palepale, vidole vikiteleza kwa jasho, na kitarakimu kikashuka hadi moja. Akafuta uso, akarudi ndani, akashika ufagio.

Mama naye alikuwa na maelezo yake: mzazi kaingiwa na jini. Akaitwa Bibi Hojar, msomaji dua wa mtaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Alisoma, akatema mate kidogo, akafukiza hata mtoto akakohoa. Siku ya kwanza sauti haikurudi. Ya pili haikurudi. Bibi Hojar akachekea kikombe chake cha chai.

"Mmeona? Kametimuliwa. Kangekuwa mtu, dua ingekakimbiza?"

"Bibi, mimi si mwendawazimu," Savsan alisema.

"Nani kasema mwendawazimu? Nimesema umechezewa. Lakini maziwa yako yameshaingiwa na hofu. Mtoto alale kwa bibi yake, anywe ya kopo. Wewe nenda kwenu mpaka arobaini iishe, halafu tutaona."

Mama alimchukua Idris. Savsan hakupigana, alikaa tu, maziwa yakimvuja na kulowesha gauni kila mtoto alipolia ng'ambo ya ukuta. Robiya aliambiwa amfungie mzigo wake. Alikunja gauni moja, akakunja la pili. La tatu lilikuwa lile lenye madoa ya maziwa.

"Wifi," Savsan alimwambia polepole, "wewe unaniamini, au na wewe umo?"

Robiya aliliacha gauni, akaenda moja kwa moja walikoketi wazee.

"Alikuwa mtu," alisema. "Sikubadilisha namba ya siri. Watu wameingia kwenye kamera. Nimeibadilisha juzi, ndiyo maana sauti haiji. Si dua."

Mama alimtazama kama asiyemfahamu. "Juzi? Ukaniacha nimnyang'anye mtu mtoto wake?"

"Niliona aibu, mama."

"Na sasa huoni?"

Bibi Hojar alikusanya chetezo chake bila kumaliza chai. "Nyumba hii mmeifunga lango mkafungua paa," alisema, akaondoka.

Savsan alikuwa mlangoni, kasikia yote. Alimchukua mwanawe mikononi mwa mkwewe, akamnyonyesha hapohapo wima, mgongo kwa Robiya.

"Walikuwa wangapi?"

"Siku ile watatu. Kabla yake sijui, wifi."

"Tangu lini?"

"Sijui. Labda tangu nilipoipachika."

"Nilikuwa naoga humo," Savsan alisema. "Nilikuwa nalia humo."

Robiya aliing'oa kamera. Ukutani pakabaki matundu mawili ya misumari.

Bahrom alipoelezwa kwa simu, alitukana. Mama alimwomba mkwewe msamaha, akasamehewa. Robiya naye aliomba, Savsan akamjibu, "Nimesikia," basi.

Siku ya thelathini na nane Robiya alipeleka beseni la maji ya moto. Alikuta pazia limeteremshwa.

"Wifi, nimeleta maji."

"Weka hapo nje."

Aliliweka kizingitini, kama majirani walivyokuwa wakiacha mabakuli yao nje ya lango, akarudi nyuma hatua tatu na kugeuza uso ili mkono wa Savsan uweze kutoka bila kuonwa.