Walikuwa Saba, Si Arobaini

Kwa miaka thelathini na moja niliendesha greda la kaunti, kazi yangu kukwangua theluji barabarani. Mwaka mmoja, naapa, nilimchimbua kutoka kwenye rundo la theluji mpeleka barua wa mwaka uliotangulia, mzima kabisa, begi begani, akaniuliza kama amechelewa. Kisa hicho ndicho kilichonipa kombe langu la kwanza katika shindano la uongo kwenye maonyesho ya wakulima. Nikalichukua mara tisa mfululizo. Mwaka wa kumi wakanifanya jaji, ili na wengine wapate.

Nawaeleza haya mapema ili muielewe shida yangu ya Alhamisi ile ya Aprili, katika kituo cha zimamoto cha bonde letu hapa Montana, nilipotakiwa kusema ukweli mbele ya watu mia mbili. Einar anasema walikuwa mia moja hamsini na watatu, lakini Einar nitamfikia.

Aliyekuwa matatani ni dada yangu Marit. Mumewe alipofariki alimwachia ng'ombe mia moja na kumi na mbili, pamoja na kibali cha kuwalisha kila kiangazi kwenye mbuga ya Kijiko, juu mlimani. Mbuga yenyewe si yake, ni ardhi ya umma. Kiangazi kilichopita mbwa mwitu walimlia ndama wawili huko juu, na bonde zima likawaka. Wafugaji wakataka mbwa mwitu wapigwe risasi kutoka kwenye helikopta. Watu wa mjini wakataka ng'ombe washushwe. Ofisi ya misitu ikasema itawasikiliza wote, lakini usipopatikana ushahidi kwamba ndama na mbwa mwitu wanaweza kukaa mlima mmoja bila kuuana, Kijiko kitafungwa kwa ng'ombe. Na bila Kijiko, Marit angeuza nusu ya kundi. Nusu iliyobaki isingetosha kumweka shambani. Angehamia mjini, kwenye chumba cha ghorofani, akamwagilie maua ya plastiki.

Sasa, ushahidi ulikuwepo. Mimi shule niliiacha mapema, ila maktaba yetu naijua rafu kwa rafu, na katika jarida moja kuukuu nilisoma kwamba wawindaji wa nchi za baridi huko ng'ambo walikuwa wakizungushia mbwa mwitu kamba yenye vitambaa vyekundu. Mbwa mwitu huyo huyo anayemwangusha kulungu dume huogopa kitambaa kinachopepea. Kwa nini, hajamwambia mtu.

Nikamwambia Marit. Akaniangalia kama anavyoniangalia siku zote.

"Kaka, hicho kisa umekitoa wapi? Kwa mpeleka barua?"

"Hiki ni cha kweli."

"Na yule dubu uliyemfundisha kufungua lango?"

"Yule naye nusu yake ni kweli."

Hata hivyo tulijaribu, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Tulikusanya suruali nyekundu za ndani, zile za kufika kifundoni tunazovaa wakati wa baridi, kutoka kila nyumba ya bonde. Wengine walizitoa zikiwa bado na joto. Kanisa likatupa mapazia yake ya Krismasi. Kwa wiki mbili Marit akazikata vipande na kuvishona kwenye kamba kama bendera. Septemba tukazungusha kamba ya nusu maili pale Kijiko, na kila jioni tukawaingiza ndama na mama zao ndani ya duara. Siku ishirini na tatu. Alfajiri kadhaa mbwa mwitu walikuja. Niliwaona mwenyewe kutoka mlangoni mwa hema, saba, wakifika kwenye kamba, wakisimama, wakikikodolea macho kipande cha suruali ya mchungaji wa kanisa letu kikipepea, kisha wakigeuka. Hatukupoteza ndama hata mmoja.

Marit hakuona kitu. Alfajiri alikuwa upande wa pili wa kichaka, akiwasha moto na kuitukana kahawa. Kwa hiyo shahidi alikuwa mimi. Yaani hapakuwa na shahidi.

Ila palikuwa na mwingine. Ng'ambo ya korongo, kwenye ukingo wa mawe, niliona kioo cha darubini kiking'aa, na chini barabarani pikapu ya kijani ya Einar Grindeland ilikuwa imeegeshwa.

Huyu Einar alikuwa mkaguzi wa alama za ng'ombe kwa miaka thelathini na minane. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa wala kuvushwa mpaka wa kaunti bila Einar kumsoma alama ubavuni na kumhesabu. Kustaafu alistaafu, kuhesabu hakuacha. Anahesabu ngazi akipanda, anahesabu maharagwe kwenye sahani. Mfukoni mwa shati ana kadaftari, na kilichoandikwa humo bonde zima linakikubali kuliko cheti cha daktari. Isitoshe anawachukia mbwa mwitu, kila mtu anajua. Shahidi bora usingempata.

Tatizo ni kwamba mwezi Agosti, mbele ya watu wote kwenye duka la vyakula vya mifugo, alikuwa amesema: "Suruali za ndani zikimzuia mbwa mwitu, mimi nitazivaa juu ya nguo zangu kwenye gwaride la uhuru, Julai nne."

Nilimfuata nyumbani kwake mara tatu.

"Einar, uliona."

"Nilikuwa nawinda kulungu."

"Uliwaona mbwa mwitu wakigeuka."

"Arlo, wewe unaona vitu vingi. Uliona posta ndani ya theluji." Akafunga mlango. Mara ya tatu hakuufungua kabisa.

Basi Alhamisi ya mkutano wa ofisi ya misitu ikafika. Meza ya pai za tufaha upande mmoja, magari ya zimamoto yametolewa nje, viti vimejaa. Afisa wa misitu, Bi Tafoya, mgeni kwetu, mama wa sauti ya upole na macho yasiyopepesa, aliweka mezani saa ya jikoni yenye umbo la kuku. Kila mtu dakika tatu. Kuku akilia, kaa.

Alianza Bwana Pruitt, daktari wa meno mstaafu kutoka mjini, amevaa fulana yenye picha ya mbwa mwitu akiubwekea mwezi.

"Ardhi hii ni ya umma," alisema. "Mimi pia nina hisa pale. Nataka nikipanda mlima nimsikie mbwa mwitu, si kukanyaga mavi ya ng'ombe."

"Na mimi je?" Marit aliuliza kutoka kitini. "Mimi si umma?"

"Mama, tafadhali, zamu," akasema Bi Tafoya.

"Nauliza tu. Maana kodi nalipa kama umma."

Watu wakacheka, hata Pruitt mwenyewe. Wakafuata wafugaji. Mmoja alisema mbwa mwitu wana haki zaidi yake, kwa kuwa yeye akila ndama wa jirani anafungwa. Mwingine alitumia dakika zake tatu zote kuisifu bunduki yake, kuku akamlilia katikati ya neno.

Kisha nikaitwa. Marit alinivuta mkono wa koti. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Kaka. Leo ukweli mtupu. Nakuomba."

Nikamwambia sawa. Na nilimaanisha. Nilikuwa nimeandika hotuba yangu kwenye karatasi, bila hata pambo moja.

"Naitwa Arlo Kvamme," nikaanza. "Septemba tulizungushia mbuga ya Kijiko kamba ya suruali za ndani. Mbwa mwitu saba walifika, wakaziona, wakageuka."

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga makofi, walipiga magoti yao, mzee mmoja alikohoa pai.

"Ongeza, Arlo!"

"Walizivaa?"

"Mpe kombe la kumi!"

"Ni kweli," nikasema. "Siku ishirini na tatu, hatukupoteza ndama."

Wakacheka zaidi. Nikaona Bi Tafoya akiweka kalamu chini, kwa adabu, kama mtu aliyeonywa habari zangu. Nikamwona Marit anaangalia mapaja yake. Miaka yote ile nilikuwa nimewachekesha watu hawa bure, na sasa dada yangu alikuwa akilipia.

Kuku alikuwa amebakiza nusu ya dakika zangu. Nikainua macho, nikamwona Einar ukutani, nyuma kabisa, kofia mkononi. Hakuwa akicheka. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilipotaja saba, alikuwa ametikisa kichwa kidogo, kukubali, kama anavyofanya pindi ng'ombe wa mwisho anapopita langoni na hesabu imetimia.

Nikaikunja karatasi yangu nikaitia mfukoni.

"Haya, mmenikamata," nikasema. "Hawakuwa saba. Walikuwa arobaini."

"Ehee! Sasa umerudi!"

Kule nyuma, Einar alibana taya.

"Arobaini, wote weusi, wakubwa kama punda. Na kamba ilikuwa maili kumi."

Kofia ya Einar ikaanza kuzunguka mikononi mwake.

"Bendera tulitundika, sijui, mia mbili. Mia tatu. Nani anahesabu?"

"Wewe mwongo!"

Ilikuwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. Einar alikuwa ameshafika katikati ya njia ya viti, kadaftari juu.

"Saba! Walikuwa saba! Wakubwa watano, wadogo wawili, weusi watatu tu, mmoja anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto! Na kamba ilikuwa nusu maili! Na bendera mia tatu gani? Elfu moja mia saba arobaini na moja! Ya mia tisa na nne imeshonwa kichwa chini!"

"Haikushonwa kichwa chini," akasema Marit.

"Imeshonwa kichwa chini, Marit, samahani."

Bi Tafoya akachukua kalamu.

"Bwana, jina lako?"

"Einar Grindeland." Nadhani ndipo alipogundua alipokuwa amesimama.

"Uliwaona hao saba kwa macho yako?"

Aliangalia mlango. Akaniangalia mimi, na kama macho yangekuwa bunduki, hadithi hii mngesimuliwa na mtu mwingine. Kisha akaangalia kadaftari. Kudanganya angeweza labda, lakini si mbele ya kadaftari.

"Alfajiri kumi na nne nilikuwa pale. Walikuja alfajiri tano kati ya hizo. Mara zote tano waligeuka kwenye kamba. Tarehe ziko humu."

"Na ndama?"

"Sitini na mmoja siku ya kwanza. Sitini na mmoja siku ya mwisho."

Hakuna aliyecheka. Mfugaji aliyeisifu bunduki alivua kofia akajikuna. Pruitt aliinua mkono akasema, haki yake, kwamba naye amesoma habari za vitambaa hivyo, na kwamba mbwa mwitu huvizoea baada ya miezi miwili hivi, wakagundua wanachezewa.

"Basi bendera zihamishwe," akasema Einar kwa ukali. "Na mtu awe anapanda farasi kila siku kuzunguka kundi. Mbwa mwitu hapendi kuangaliwa. Hilo mtoto mdogo anajua."

"Umeandika pia uliwaona kulungu wangapi?" aliuliza Marit.

"Nini?"

"Ulisema ulikwenda kuwinda kulungu. Asubuhi kumi na nne, umekaa juu ya mawe, unaitazama kambi yetu. Kulungu walikuwa wangapi?"

Einar alifungua kadaftari. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Shingo yake ikaanza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu.

"Sikuwahesabu," alisema.

Mimi nimekaa bonde hili miaka sabini na minne na sijawahi kusikia kitu ambacho Einar hakukihesabu. Halafu mwanamke mmoja kwenye meza ya pai akasema, "Mama yangu wee," na ukumbi ukaangua kicheko. Marit alijipangusa macho kwa leso. Alikuwa anacheka, na sikumbuki kumwona akicheka hivyo tangu mazishi.

Kuku akalia. Dakika zangu zilikuwa zimeisha.

Barua ya Bi Tafoya ilikuja baada ya wiki tatu. Kijiko kitabaki wazi kwa ng'ombe wa Marit kiangazi hiki, kwa masharti: bendera kila jioni, zihamishwe kila baada ya wiki mbili, na mpanda farasi azunguke kundi kila siku na kuandika hesabu ya ndama na ya mbwa mwitu. Hakuna helikopta maadamu ndama wanatimia. Wafugaji walinung'unika kwamba ni masharti mengi mno. Watu wa mjini walinung'unika kwamba ni machache mno. Pruitt alileta suruali zake nyekundu sita, mpya, bado kwenye karatasi ya dukani, akaomba apande siku moja kusaidia kutundika. Marit alimpa nyundo.

Mpanda farasi sihitaji kuwatajia. Alikataa mara mbili, kwa kuwa ndivyo alivyo, kisha akaja na farasi wawili na madaftari matatu.

Julai nne Einar alipita kwenye gwaride, nyuma ya bendi ya shule, mgongo wima, suruali nyekundu ya ndani juu ya jinzi zake. Marit ndiye aliyeishona kumtoshea, na alihakikisha haikukaa kichwa chini. Watu elfu tano walimshangilia.

Yuko hapa begani kwangu sasa hivi, anasoma ninachoandika. Anasema walikuwa mia sita na kumi na wanane.