Fundo Kwenye Meno ya Papa

Mshona mapazia alikuwa anakunja pindo la pazia la hoteli pale jirani wa ghorofa ya juu alipogonga mlango kulalamikia nguo zake. Wiki nzima hazikauki. Papa amekaa katikati ya jua na kamba ya kuanikia, na shuka zote zinanuka shombo.

"Mwondoe samaki wako," jirani alisema.

"Si wangu."

"Sasa dirisha analochungulia ni langu?"

Mshona mapazia alimfungia mlango usoni, akawasha taa ingawa ulikuwa mchana, akarudi kwenye cherehani. Nje, papa alielea hewani, pua ikigusa ukuta wa ua, mkia ukiwa umevuka duka la sabuni na kufika kwenye kona ya barabara. Alikuwa wa ile aina ya kale, ambayo vitabu vya shule vinasema ilikwisha kabla binadamu hajajua kuwasha moto. Alikuwa amekonda, ngozi ya tumbo imemlegea kama koti la kuazima. Madereva walimpigia honi, wakapita chini yake, wakaenda zao.

Alichokifuata hapo kilijulikana. Katikati ya meno yake mawili, kila moja kubwa kama sahani ya wali, ulikuwa umenasa mkanda wa mume wa mshona mapazia, wenye kiraka cha kitambaa cha kijani alichokishona mke huyo mwenyewe kwa masalio ya pazia. Kwenye mkanda palikuwa na fundo, na kwenye fundo kipande cha kamba.

Mumewe, waliyemwita Mapafu, alikuwa mpiga mbizi wa kampuni ya kukwangua matumbo ya meli. Juu, kamba yake ilifungwa na kushikwa na mdogo wake wa tumbo moja. Watu wa kazi hiyo huzungumza kwa kamba. Mvuto mmoja mfupi, niko salama. Miwili, nipe kamba. Mitatu, nitoe. Siku hiyo ulikuja mvuto mmoja usiokwisha. Mdogo mtu aliwaza kwamba mmoja ni mmoja, ukiwa mfupi au mrefu, naye akajibu kwa mvuto mmoja, kama alivyofundishwa: nimekusikia, uko salama. Akaendelea kuachia kamba, akiwa mtiifu kwa kanuni, mpaka ikamchuna viganja na kukatika.

Kisha akaogopa. Akatoa kisu, akaikata sawasawa ncha iliyochanika, akasema kaka yake amefungua fundo huko chini na kuogelea hadi kwenye meli iliyokuwa inang'oa nanga. Akaongeza kwamba siku nyingi alikuwa amemchoka mke wake. Kampuni ililipenda neno "mtoro" mara moja, maana mtoro hahesabiwi kuwa ajali.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakuwahi kuajiriwa na kampuni ile. Uongo ulitembea mtaa mzima bila kuchoka. Mshona mapazia alipovaa nguo nyeusi, mama mkwe alikuja mwenyewe kumvua kilemba.

"Unamlilia nani?" alimuuliza. "Mwanangu mzima. Amekukimbia wewe na mdomo wako."

Tangu hapo hakuna aliyeleta pole wala kukaa naye. Mwanamke aliyekimbiwa hana msiba, ana aibu tu. Naye hakutaka kitu kingine duniani ila hicho kimoja: mumewe aitwe marehemu, ili aweze kumlilia mlango ukiwa wazi.

Kwa hiyo kamati ya nidhamu ya kampuni ilipokubali kumsikiliza, alikwenda na papa. Alimchukia papa yule kwa moyo wake wote, na njiani alimwambia hivyo. "Umemla mume wangu. Sasa uje useme." Papa alimfuata taratibu juu ya mapaa, akiinua tumbo kila alipofika kwenye nyaya za umeme.

Mlinzi wa mlangoni alifungua milango yote miwili, jambo analowafanyia wakurugenzi peke yao, akamwambia mwanamke afute viatu. Papa aliingia hadi kwenye mashavu. Sehemu iliyobaki ilikaa kwenye ngazi na kwenye maegesho ya magari. Wajumbe walisogeza viti, na mshika kamba na mama yake, walioitwa pia, wakasogea ukutani. Maji ya chumvi yalitiririka sakafuni na mwenyekiti akainua mkoba wake.

"Kiraka cha mkanda huo nimekishona mimi," mshona mapazia alisema. "Mnasema mume wangu alifungua fundo. Fundo hilo hapo, limefungwa. Mtu anafungua fundo namna gani likabaki limefungwa?"

Mwenyekiti aliinama, akalitazama. "Limezungushwa kushoto," alisema, kisha akamgeukia mshika kamba. "Wewe unatumia mkono gani?"

Mdogo mtu alivitazama viganja vyake, vilivyokuwa bado na makovu. "Wa kushoto, mzee."

Kila mtu mle ndani alijua, na mshona mapazia aliona kwamba wanajua, na tumaini likamjia. Ndipo mtaalamu wa samaki aliyeajiriwa na kampuni alipoomba nafasi. Alieleza kwa upole kwamba huko kilindini maji ni baridi mno kwa mnyama wa namna hiyo, na chakula hakitoshi kulijaza tumbo kubwa hivyo. Angekuwepo, meno yake mapya yangeokotwa baharini, kwa kuwa papa hudondosha meno maisha yake yote. Alipokuwa akisema hayo, jino moja lilidondoka mezani likavunja glasi ya maji. Alilisogeza kwa kalamu.

"Kwa hiyo papa huyu hayupo," alimaliza.

"Mbona namwona," alisema mwenyekiti.

"Anaonekana, mheshimiwa. Kuwepo ni habari nyingine."

Mwenyekiti alifikiri, akaridhika. Kama papa hayupo, na kilicho kinywani mwake hakipo.

"Mume wangu yumo humo!" mshona mapazia alipiga kelele. "Mama, wewe umemzaa! Sema!"

Mama mkwe alikuwa amelitazama fundo kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote. Kisha alimtazama mwanawe wa pili, na huyo ndiye aliyebaki. Akainuka, akatembea ndani ya maji mpaka kwenye pua ya papa, akaweka mkono juu yake.

"Kumbe ndiye huyu," alisema.

"Ndiye nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Aliyemkimbilia." Akaipapasa ile ngozi iliyolegea. "Amekonda, masikini. Karibu, mkamwana. Wewe angalau huna kelele."

Wajumbe walishusha pumzi kwa pamoja. Ikaamuliwa kwamba mpiga mbizi aliacha kazi kwa hiari yake, akahamia kilindini kwa mke mwingine, na kampuni inamtakia heri. Mdogo mtu alirudi kazini wiki iliyofuata. Walimpa mpiga mbizi mwingine wa kumshikia kamba.

Papa naye alirudi dirishani pale pale, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine penye jua la kutosha. Mama mkwe alianza kuja kila alasiri. Alikuwa akipita mbele ya mlango wa mshona mapazia bila salamu, kisha anarudi kuazima kiti. "Nimekuja kumwona mkwe wangu," alikuwa akisema. Aliketi chini ya kidevu cha papa, akimsimulia jinsi Mapafu alivyokuwa mkorofi utotoni. Majirani waliopita walimsalimu papa kwa heshima anayostahili mke wa mtu, na malalamiko ya nguo yakakoma.

Alasiri moja mshona mapazia alivaa nguo yake nyeusi, akatoka uani. Papa alipomwona alifunua kinywa mpaka mwisho na kutulia, naye akapitisha mkono katikati ya meno, kuufuata ule mkanda. Vidole vilikuwa vimeshagusa kiraka cha kijani mama mkwe alipomchapa mkono.

"Koma!" alisema. "Usiguse vitu vya mwenzio."

Mshona mapazia aliingia ndani, akafunga mlango, akashusha pazia. Akakaa kwenye cherehani isiyo na kitambaa wala uzi, akaikanyaga kwa nguvu, na kelele zake zilipokuwa kubwa kiasi cha kumfunika, akamlilia mumewe.